Mamangu alikatiziwa mionzi Aprili 3, mpaka leo hospitali haitaki kutupa tarehe!

Jamani, leo ni Juni 13, 2020, na nimefika mwisho wa subira.

Mamangu ana saratani ya mlango wa kizazi. Aliandikiwa kuchomwa mionzi mara 25, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye hospitali moja ya Nairobi, maana huku Pwani hakuna hospitali ya serikali hata moja yenye mashine ya mionzi. Alianza Machi 16, korona ndiyo kwanza imetangazwa nchini. Siku hiyo daktari alimwambia mbele yangu: mama, usikose hata siku moja, ukikatiza uvimbe unapata nafasi ya kukua tena. Mama akashika neno. Hata kuoga alikuwa akijipangusa kwa kitambaa, akiizunguka ile michoro ya wino waliyomchora nyongani isije ikafutika, maana ndiyo inayoelekeza mashine.

Halafu Aprili 3 wao wenyewe wakamrudisha nyumbani! Wagonjwa wa mbali waende makwao, hali ikitulia watapigiwa simu. Jumatatu yake Nairobi ikafungwa, na Aprili 8 ikafungwa Kwale yetu. Simu haijapigwa mpaka leo.

Kadi yake ninayo hapa mkononi. Visanduku 15 vina sahihi, 10 ni vitupu. Matibabu yote, pamoja na mionzi ya ndani, ile inayowekwa ndani ya mwili karibu na uvimbe, yalitakiwa yaishe ndani ya wiki 8, yaani kufikia Mei 11. Ile michoro ya wino imeshafutika yote.

Mei 18 nikakodi gari kwa shilingi 22,000. Tukatoka saa kumi na moja alfajiri, kafyu ilipoisha tu, tuna barua ya chifu na nakala ya kadi. Mama alikalia kanga mbili zilizokunjwa kwa sababu damu ilikuwa imeanza tena. Tumefika kizuizi cha kuingilia Nairobi, askari kasoma barua, kasema haina tarehe ya kuonwa na daktari. Nikapiga simu hospitali papo hapo. Jibu: mgonjwa afike kwanza ndipo apangiwe tarehe. Sasa afike vipi? Tulisimama pale kwa muda wa karibu saa mbili, malori ya saruji yanapungiwa mkono yapite, mamangu kainamia dirisha la gari. Tukageuzwa. Kafyu ikatukuta Mtito Andei, tukalala garini kwenye kituo cha mafuta, na hakulalamika hata mara moja. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Sikatai korona ipo, na sisemi wafungue kila kitu. Lakini mwaka 2018 ilikadiriwa Wakenya karibu 33,000 walikufa kwa saratani, tena kabla ya korona kuwepo. Kila alasiri tunasomewa walioambukizwa na waliopona. Waliokatiziwa matibabu anawahesabu nani? Wakiandikwa wamekufa kwa saratani, tutaambiwa ni kudra?

Na msiniambie imeahirishwa tu, kwamba ataendelea baadaye. Mionzi si miadi ya kung'olewa jino. Walipomrudisha nyumbani walijua anatoka wapi na walijua wamebakisha siku ngapi. Wangeweza kumwandikia karatasi moja yenye mhuri, jina na tarehe, apite nayo. Karatasi moja! Mwenye saruji anayo, mamangu hana.

Wiki iliyopita serikali ikatangaza Kwale imefunguliwa. Nairobi, iliko mashine, bado imefungwa mwezi mwingine. Matatu ya watu 14 inabeba 8 na nauli imepanda maradufu, lakini hilo nitalimudu, nitauza mbuzi. Nataka tarehe tu.

Aliyevuka kizuizi na mgonjwa wa saratani wiki hii: barua yenu iliandikwaje, na ilisainiwa na nani, daktari au polisi? Na waliokatiziwa katikati kama sisi, mliporudi mlianza upya au mliendelea pale mlipoachia? Tafadhali nijibuni hapahapa, nakesha na simu. Begi la mama liko nyuma ya mlango tangu Mei, hataki litolewe vitu.