Mke wangu kaumia bega kwa sindano ya mafua huku Ohio. Sheria inataka nini ili alipwe?

MzeeWaPangani (mwanzisha mada)

Wakuu habari za jioni. Tupo Columbus, Ohio. Mama watoto ni CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mimi nabeba boksi ghalani, maisha yanasogea.

Oktoba mwaka juzi kazini kwao waliwapanga mstari wafanyakazi wote wachomwe chanjo ya mafua. Mchomaji alikuwa na haraka. Mke wangu kakaa kwenye kiti, yeye kasimama, hakupandisha hata mkono wa sare vizuri, akachoma juu kabisa karibu na mfupa wa bega. Usiku ule ule hakulala. Tukasema ni yale maumivu ya sindano, siku mbili yanapita. Hayakupita. Kujisuka hawezi, kufikia kabati la juu hawezi, na kumgeuza mgonjwa kitandani ndiyo usiseme. Desemba akaona daktari, akapewa vidonge. Machi ndiyo MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, ikaonyesha uvimbe ndani ya bega, wakasema limeganda. Kachomwa steroidi, kapelekwa tiba ya viungo mpaka bima ikasema imetosha. Leo mkono unaishia usawa wa kifua.

Msimamizi wake anasema alisaini fomu ya kukubali chanjo, kwa hiyo hana dai. Jamaa mmoja baada ya swala kaniambia kuna mahakama ya chanjo Washington, inalipa, ila lazima uthibitishe kwamba chanjo ilikuwa mbovu. Sasa mimi nitathibitishaje hilo? Maabara ninayo? Na mke wangu si raia, ana green card tu. Pesa ya wakili hatuna. Mwenye kujua vigezo vyenyewe vya kisheria anieleweshe, siyo hadithi.

Kifimbo_Cheza

Tulisema humu ndani hizi sindano ni sumu, mkatuita washamba. Serikali yao wenyewe imefungua mahakama ya kulipa wahanga. Mnataka ushahidi gani tena? Pole sana shemeji.

BintiMakadara

Kaka, mpe wifi pole zangu. Mimi ni karani kwa mawakili wanaofungua madai haya haya. Wakili mimi siye. Kazi yangu ni kuyadai mafaili hospitalini na kuyapanga kwa tarehe, ukurasa kwa ukurasa, na ukikaa na mafaili hayo muda mrefu unaanza kujua lipi litapita kabla hata wakili hajalifungua.

Huyo wa baada ya swala mwambie apumzike. Sheria ya 1986 ilitungwa ili swali hilo la ubovu lisiulizwe. Miaka ile wazazi walikuwa wanavishtaki viwanda kwa ajili ya chanjo ya dondakoo, kifaduro na pepopunda. Viwanda vikaanza kuitoroka biashara, na Bunge la Marekani likaona watoto watakosa chanjo. Ukaundwa mfuko. Kila dozi inatozwa senti 75 kwa kila ugonjwa inaoukinga, na aliyeumia analipwa humo bila kutafuta nani alikosea. Madai yalianza kupokelewa Oktoba 1988. Kwenye karatasi unayemdai ni Waziri wa Afya, kesi inasikilizwa na hakimu maalumu wa Mahakama ya Madai ya Shirikisho, na hakuna baraza la wazee wa mahakama wala mbwembwe za kwenye sinema. Nyingi zinamalizwa kwa makubaliano.

Kwa hivyo haraka za yule mchomaji, sare isiyopandishwa, yote hayo yanaumiza roho lakini siyo yanayolipa. Wanachouliza ni *lini*. Lini sindano iliingia, lini maumivu yalianza, na nani aliandika hivyo kabla hajajua kuna pesa.

Kuna Jedwali la Madhara. Ukiingia ndani yake, sheria inachukulia kwamba chanjo ndiyo iliyosababisha, na mzigo unahamia kwa serikali ithibitishe ni kitu kingine. Bega limo tangu Machi 2017. Masharti yake: bega hilo halikuwa na maumivu kabla ya sindano, maumivu yameanza ndani ya saa 48, maumivu na kukakamaa viko kwenye bega hilo hilo tu, havikuteremka mpaka vidoleni wala kupanda shingoni, na hakuna ugonjwa mwingine unaoyaeleza. Mambo manne. Nimeona watu wenye MRI mbaya kabisa wakikwama kwenye hilo la saa 48, kwa sababu ya neno moja la daktari.

Ambaye yuko nje ya Jedwali hakufungiwa mlango, ila ngazi yake ni ndefu. Anatumia vigezo vya kesi ya Althen ya mwaka 2005, mama aliyepata matatizo ya macho na ubongo baada ya chanjo ya pepopunda. Alete maelezo ya kitabibu jinsi chanjo hiyo inavyoweza kuleta madhara hayo. Aonyeshe kwamba kwake yeye mambo yalifuatana hivyo kwa mantiki. Na muda kati ya sindano na ugonjwa uwe ule unaoleta maana kwa ugonjwa huo. Kipimo ni mizania ya uwezekano, yaani kuna uwezekano zaidi kwamba ndivyo kuliko kwamba sivyo. Yakini ya kisayansi hawakudai. Lakini maneno ya mdai peke yake hayatoshi. Lazima yaegemee rekodi za hospitali au kauli ya mtaalamu wa tiba.

Kisha kuna kigezo cha ukali. Madhara yawe yamedumu zaidi ya miezi 6, au yamemlaza mtu hospitalini na kufanyiwa upasuaji, au yamemuua. Wifi amepita hapo zamani.

Muda sasa, na hapa ndipo watu wanapoangamia. Ni miaka 3 tangu dalili ya kwanza. Siyo tangu MRI, siyo tangu daktari aliyegundua. Maumivu yalianza usiku ule wa Oktoba, saa yenu imeanza kutembea usiku ule. Mnayo mpaka Oktoba ya mwakani, lakini faili halijengwi kwa wiki moja, kwa hivyo usikae nalo. Kwa aliyefariki hesabu ni nyingine: miaka 2 tangu kifo, na isizidi miaka 4 tangu dalili ya kwanza.

Uraia hawaulizi. Wanauliza chanjo ilichomwa wapi na ni chanjo gani. Ya mafua imo. Ya homa ya manjano, ile tunayochoma tukienda kusalimia nyumbani, haimo kabisa. Nimeshawahi kumrudisha mtu mlangoni kwa sababu hiyo na roho iliniuma.

Fomu aliyosaini ni ya kukubali kuchomwa, haikumvua haki ya kudai. Ila asianze kwa kumshtaki mchomaji: kwa chanjo zilizomo kwenye mfuko, kesi ya zaidi ya dola 1,000 dhidi ya mchomaji au kiwanda haiendi mahakama ya kawaida mpaka upite hapa kwanza.

Wakili analipwa na mfuko, hata mkishindwa, mradi dai lilifunguliwa kwa nia njema na lina msingi. Akikwambia anataka asilimia ya fidia ya wifi, toka ofisini kwake, sheria imemkataza. Maumivu na mateso yana kikomo cha dola 250,000, na msidhani kila bega linafika huko. Juu yake kuna mshahara uliopotea na gharama ambazo bima haikulipa. Ikiwa fidia ya kazini ilishalipa kitu, hicho hakilipwi mara ya pili. Na mjue uamuzi unachapishwa mtandaoni, mara nyingi na jina la mdai, kwa hivyo mkilipwa, michango ya harusi itawafuata mpaka Columbus.

Kaka Kifimbo, wewe nakujibu mara moja tu. Anayelipwa kwa bega kalipwa kwa sababu sindano ilipigwa juu ikaingia kwenye maungio. Maji ya chupani hayakuwa na neno. Kwa hesabu za mfuko wenyewe tangu 2006, ni takribani mtu mmoja aliyelipwa kwa kila dozi milioni moja zilizosambazwa. Ungekuwa unasafiri kwa basi lenye hesabu hiyo ungelala usingizi mpaka ufike.

Kifimbo_Cheza

Na watoto wa usonji je? Mbona hao hamuwataji?

BintiMakadara

Walisikilizwa. Familia maelfu zilifungua madai, zikateuliwa kesi za mfano, ushahidi ukaletwa wa pande zote, na Februari 2009 mahakimu watatu, kila mmoja na kesi yake, wakakataa. Rufaa nazo zikashindwa. Fungua mada yako, hii ni ya wifi.

Msafiri_Leicester

Huku Uingereza mngelia. Sisi tuna sheria ya 1979. Inalipa kitita kimoja, pauni 120,000, hakipungui hakiongezeki, lakini lazima uthibitishe umelemaa kwa kiwango cha asilimia 60 kwenda juu. Ukiwa 55, unapata sifuri. Bega la shemeji lisingenusa. Kuna mpangaji mwenzangu walimkubalia kabisa kwamba chanjo ndiyo chanzo, kisha wakamwandikia kwamba hajalemaa vya kutosha. Hiyo barua aliibandika jikoni, sijui kwa nini. Nyie wa Marekani mnachunguzwa tarehe, sisi tunapimwa kwa mzani wa nyama.

Ngosha_Mwanza

Nauliza kwa niaba ya familia, chanjo ya Uviko je? Mjomba yuko Texas, alichanjwa 2021, moyo ukavimba, akalazwa.

BintiMakadara

Pole. Hiyo haiji kwenye mahakama hii. Chanjo za Uviko za Marekani ziliwekwa kwenye mfuko mwingine wa dharura, na ule ni mgumu: mwaka 1 tu tangu siku ya kuchanjwa, hakuna hakimu, maafisa wa wizara ndio wanaoamua, wakili halipwi, na ushahidi wanaotaka ni mzito kuliko huu wa mizania. Maumivu na mateso hayalipwi kabisa. Kama hakuandika dai ndani ya mwaka ule, amechelewa.

Nyumbani mambo yalikuwa tofauti. Dozi zilizoingia kwa COVAX, ule mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo za Uviko, kama zile za Janssen za Julai 2021, zilikuwa na mpango wake wa fidia kwa nchi 92, Tanzania na Kenya zikiwemo. Wao walianza na ulemavu wa kudumu au kifo, na kiasi kilipigwa hesabu kwa pato la taifa la nchi yako kwa kila mtu. Yaani jeraha lile lile, bei tofauti kulingana na bendera. Mimi hilo sijalipenda mpaka leo.

MzeeWaPangani

Dada Binti, Mungu akulipe. Leo nimechukua mafaili na presha imepanda. Daktari wa Desemba kaandika "maumivu ya bega la kushoto kwa wiki kadhaa, kazi yake ni kuinua wagonjwa". Sindano hakuitaja kabisa, ingawa mke wangu anaapa alimwambia. Halafu karatasi ya chanjo inasema alichomwa mkono wa kulia! Alichomwa kushoto, nilimkanda kwa maji moto mimi mwenyewe. Na bega la kulia aliwahi kulilalamikia 2019 alipoteleza kwenye barafu. Si ndiyo basi tena?

BintiMakadara

Bado. Hivi ndivyo yanavyokuja mafaili mengi.

La mkono: fomu za siku za mstari hujazwa kwa mkupuo, na mahakimu wanalijua hilo. Wataangalia rekodi zote zilizofuata. Ikiwa kuanzia Desemba kila daktari, MRI na mtaalamu wa viungo wanasema kushoto, fomu ile inabaki peke yake. Na kuteleza kwa 2019 ni kulia, kwa hivyo hakugusi sharti la bega husika. Kusigeuzwe siri lakini, mwambieni wakili mwanzo kabisa, wa serikali ataliona tu.

La "wiki kadhaa" ndilo zito. Rekodi iliyoandikwa wakati ule huaminiwa kuliko kumbukumbu ya baadaye. Lakini sheria yenyewe imemruhusu hakimu kuona kwamba dalili ilianza ndani ya muda hata kama haikuandikwa, au iliandikwa vibaya, akiridhishwa na ushahidi mwingine. Hapo ndipo hati za kiapo zinapofanya kazi: yako wewe uliyekanda, na ya mwenzake wa zamu aliyemuona kesho yake akishindwa kuinua trei. Na chochote kilichoandikwa siku zile. Ujumbe wa simu, ombi la kubadilishiwa zamu, risiti ya dawa ya maumivu. Usimwendee daktari kumwomba abadilishe alichoandika, mtaharibu faili zima.

MzeeWaPangani

Usiku ule alimtumia dada yake wa Tanga sauti ya WhatsApp analia mkono. Simu yetu ya wakati ule ilikufa, lakini dada anasema bado anayo.

BintiMakadara

Hiyo ni dhahabu. Mwambie asiifute, asiirushe kwenye kundi la familia, asibadilishe simu kabla wakili hajamwambia jinsi ya kuitoa. Apige picha skrini ionekane tarehe na saa. Na umwambie wakili wazi kwamba simu iko Tanga: saa tano usiku ya Columbus mwezi wa Oktoba, Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake, kwa hivyo itasoma tarehe ya siku inayofuata. Hilo liandikwe ndani ya kiapo cha dada, wa serikali asije akalishangilia.