Kakangu Ohio ashafaili bankrapsi na bado kaletewa samansi ya nyumba, ajibu ama anyamaze?

Bi_Mtopanga
Asalam aleikum wadau. Naomba anijibu mwenye kujua, si wa kukisia. Kakangu yuko Columbus, Ohio, miaka mingi, ana nyumba ya mogeji yeye na mkewe na majina yote mawili yamo kwenye loni. Kazi ikayumba wakarudi nyuma na malipo, watu wakamshauri afaili bankrapsi, yaani atangaze kortini kuwa amefilisika, akafaili. Sasa juzi posta imemletea bahasha ya kusainiwa kutoka koti ya kaunti, kanitumia picha WhatsApp, juu kuna mhuri na nambari ya kesi, jina la benki, halafu yeye na mkewe ndo washtakiwa, na kwa ndani imeandikwa ajibu ndani ya siku 28. Yeye ashikilia hana haja kujibu ati bankrapsi imesimamisha kila kitu. Mama huku halali, ashampata mnunuzi wa ploti yetu ya Mtwapa na deposit kapokea, ili pesa ziende Marekani. Je ni kweli anyamaze? Na ploti iuzwe?

dalali_mstaafu
Mwambie atulie bibi. Mimi kazi hii nimeifanya. Ukishindwa kulipa benki yakupa notisi ya miezi mitatu, ukikaa kimya yaja ya siku 40 ya kuuza, kisha dalali naye akuletea yake ya siku 45, ndo mnada. Koti haihusiki kabisa mpaka wewe mwenyewe ukimbilie huko kuomba zuio. Muda upo tele.

Mswahili614
Mzee shikamoo, hayo uloyasema ni sawa lakini ni ya Kenya, sheria ya ardhi ya 2012 na kanuni za madalali. Ohio ni kinyume chake. Huku benki haiwezi kuuza nyumba ya mtu mpaka ishtaki kwanza na jaji aamue, ndo hiyo samansi. Ukinyamaza benki yaomba hukumu bila wewe kusikizwa, kisha nyumba yapelekwa mnada wa sherifu, afisa wa kaunti. Nimewatafsiria Waswahili wengi kwenye hizi koti na wengi walopoteza ni wale walioacha bahasha juu ya friji.

Dada sikiza. Kakako hajakosea kabisa, bankrapsi Marekani ikifailiwa tu kuna zuio linashika saa hiyo hiyo, wadai wote wasimame, hata kesi ya nyumba, hata mnada. Lakini hilo zuio ni la koti ya federali na kesi ya nyumba iko kaunti, hizi koti mbili haziambiani kitu, karani wa kaunti hajui kama kuna bankrapsi mpaka mtu ampelekee. Kwa hivyo wakili wake apeleke notisi fupi kwenye faili ya kaunti, iwe na nambari ya kesi ya bankrapsi, tarehe ilipofailiwa na jina la koti, na iingie kabla siku 28 hazijaisha. Mimi ningeongeza na jibu lenyewe la kesi pia, maana zuio lisiposimama asikutwe mikono mitupu.

Sasa niambie vitu viwili. Ni chapta 7 (ile ya kufutiwa madeni) ama 13 (ile ya kulipa kidogo kidogo kwa mpango)? Na benki ilifungua kesi lini, kabla ya bankrapsi au baada?

Bi_Mtopanga
Nimempigia, asema 13. Kesi ya benki imefunguliwa BAADA. Lakini asema pia kuna miezi ametuma pungufu kwa trasti, yule msimamizi wa bankrapsi anayepokea malipo yake, sijui kama ina maana yoyote.

Mswahili614
Ina maana kubwa hiyo!! Ikiwa bankrapsi bado iko hai basi benki ndo imevunja zuio, wakili aweza kudai kesi itupwe na hata fidia. Lakini mabenki haya yana mawakili, kwa kawaida hawashtaki hivi hivi. Aidha waliomba ruhusa kwa jaji wa bankrapsi wakapewa na kakako hakufungua ile barua, ama bankrapsi yenyewe ishafutwa kwa sababu ya malipo pungufu, na ikifutwa zuio lakufa nayo. Amuulize wakili LEO kama kesi ya bankrapsi iko wazi bado. Na kama ilifutwa asikimbilie kufaili nyingine kichwa kichwa, ukifaili tena ndani ya mwaka zuio lashika siku 30 tu mpaka jaji akuongezee.

mama_Nuru
Na mke je? Kama hakufaili yeye?

Mswahili614
Swali zuri. Kwa chapta 13 mwenziwe alosaini loni analindwa pia madamu kesi iko hai, kwa chapta 7 halindwi. Lakini samansi ina jina lake, kwa hivyo jibu liwe la wote wawili.

mama_Nuru
Kuhusu ploti ya mama mimi nasema msiuze sasa. Maana ya hiyo 13 ni kwamba malimbikizo yagawanywa miaka mitatu mpaka mitano, huku mtu aendelea kulipa mogeji ya kila mwezi kama kawaida. Kama mshahara wake hautoshi ile ya kila mwezi, ploti ya Mtwapa itamezwa na nyumba itaenda vile vile. Na pesa zikitumwa wakili ajulishwe, mtu aliye kwenye bankrapsi hapokei hela kimya kimya. Tena hizi kesi ni za wazi, mtu yeyote azisoma, na matapeli wasoma pia. Watampigia ati tunaokoa nyumba yako lipa ada kwanza, ama tusainie hati. Binamu yangu walimjia na magari mazuri kabisa. Washauri walioidhinishwa na HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, hawalipishi, na legal aid, mawakili wa bure, ipo kama wakili amemshinda bei.

dalali_mstaafu
Nimeelewa kijana, marahaba. Kumbe huko sherifu ndo dalali 😂

Bi_Mtopanga
Ahsanteni sana jamani. Nshamwambia mama yule mnunuzi arudishiwe deposit yake, amenuna lakini kakubali. Kakangu kapata miadi ya wakili kesho saa nne za asubuhi za huko.

Mswahili614
Aende na bahasha yenyewe si picha, na aseme tarehe aliyoisaini posta, siku 28 zahesabiwa kutoka alipoipokea. Na barua zote za trasti hata ambazo hajazifungua.