Naomba ushauri: kima cha chini cha mwalimu wa serikali kiingie sheria ipi?

Ndugu zangu, habari za kazi. Naombeni msaada wa wanaojua sheria za utumishi.

Hapa Dar tunaandaa pendekezo la kima cha chini cha mshahara wa walimu kisheria. Kwa sasa ngazi za TGTS (ngazi za mishahara ya walimu wa serikali) hupangwa kwa waraka tu, na waraka hubadilishwa kwa waraka mwingine.

Rasimu ya kwanza ilitaja kiasi cha shilingi. Tukaiacha, maana bei zikipanda inabidi kurudi bungeni. Ya pili inamtaka waziri atangaze kiwango kila mwaka kwenye Gazeti la Serikali, baada ya majadiliano na chama cha walimu. Hapo tumekwama kwenye ibara ya 99 ya Katiba: muswada unaogusa Mfuko Mkuu wa Hazina (mfuko wa fedha za serikali) lazima utoke serikalini, kwa hiyo muswada binafsi wa mbunge haupiti.

Halafu makato, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mwenye shahada anayerejesha mkopo wa elimu ya juu hukatwa 15%, pensheni 5%, bima ya afya 3%, na kodi bado.

Je, kifungu kikae kwenye Sheria ya Tume ya Utumishi wa Walimu ya 2015 au Sheria ya Utumishi wa Umma? Na kima kipimwe kabla ya makato au baada yake?