Kadi imeisha, barua ninayo, kijana anacheza Winnipeg

Baba Kipa (Brooklyn Park), Jumanne 14 Januari 2025, saa 12:40 asubuhi

Habari za asubuhi, jamaa zangu. Naandika na macho mekundu, mnajua wenyewe yaliyotukuta Arizona jana usiku na Vikings, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani. Hilo tuliweke kando kwanza.

Kadi yangu ya kijani iliisha Novemba. I-90, fomu ya kuomba kadi mpya, nilikuwa nimeshaituma mtandaoni, dola 415 zikaenda, ikaja barua ya I-797 inayosema kadi imeongezewa miezi 36. Kazini wameikubali, benki wameikubali. Sasa timu ya hoki ya barafu ya kijana wangu (ana miaka 11, ndiye kipa) imealikwa mashindano Winnipeg, Kanada, safari Ijumaa tarehe 24. Nikaenda ofisi ya uhamiaji kuomba ule muhuri wa I-551 kwenye pasipoti, unaoshika nafasi ya kadi kwa muda. Mlinzi hakunipitisha hata mlangoni: bila miadi huingii. Miadi inatolewa kwa simu. Simu inapokewa na roboti, na roboti ukimwambia unataka kuongea na mtu anakutumia linki ileile uliyotoka kuisoma. Siku ya tatu nikapata binadamu. Akanisikiliza vizuri, kisha akaniambia muhuri ni wa dharura na hoki ya watoto si dharura.

Swali langu ni moja. Nani hapa amevuka kwa gari KUINGIA Kanada na kadi iliyoisha pamoja na barua? Sisemi kurudi, nasema kuingia. Pasipoti ni ya Kenya, iko hai.

Nesi wa Usiku (Rochester), Jumanne, saa 1:15 asubuhi

Mimi nilivuka 2019 na barua ya I-751 (ile fomu ya kuondoa masharti ya kadi), hawakunisumbua. Lakini nilikuwa na viza ya Kanada. Wewe viza unayo? Wakenya tunatakiwa viza, na alama za vidole juu yake. Dola 185 za kwao.

Dereva wa Lori, Jumanne, saa 1:32 asubuhi

Habari ya zamani hiyo. Mwenye kadi ya kijani haombi viza ya Kanada, na tangu Aprili 2022 haombi hata eTA, kile kibali cha mtandaoni cha wanaoenda kwa ndege. Pasipoti na kadi, basi. Watu wajibu wanachokijua.

Baba Kipa, kabla ya yote angalia I-94.

Nesi wa Usiku, Jumanne, saa 1:40 asubuhi

Mwenye kadi ya kijani ana shughuli gani na I-94, fomu ya wageni wanaoingia? Ndugu yangu umekaa nchi hii miaka mingapi? Unamtia mwenzako hofu bure.

Dereva wa Lori, Jumanne, saa 1:44 asubuhi

Dada, nasema BARABARA. I-94 mpaka Fargo, halafu I-29 kwenda juu. Upepo ukianza wanashusha vizuizi pale Moorhead na unalala kwenye gari. Hiyo fomu yako bakini nayo.

Mzee wa St. Cloud, Jumanne, saa 3:05 asubuhi

Wanangu, msigombane asubuhi yote hii. Baba Kipa, la mpakani sina, safari zangu ni za uwanja wa ndege. Ila umetaja Arizona nami sijalala vilevile.

Mechi 14 umeshinda kati ya 17. Mechi ya mtoano inahamishwa kutoka Los Angeles kwa sababu ya moto, unapelekwa uwanja usio wa yeyote, na bado unafungwa 27 kwa 9, Darnold, mrushaji wetu wa mpira, akiangushwa mara tisa kama gunia la mahindi. Mimi nilifika hapa 1986. Mwaka uliofuata Twins, timu ya besiboli ya hapa, wakachukua ubingwa, na Desemba ya mwaka huohuo Gor Mahia wakachukua Kombe la Mandela mbele ya Esperance ya Tunisia. Nikajidanganya kwamba maisha ndivyo yalivyo, timu zako zinashinda tu. Tangu hapo Vikings wamenilipisha deni lote. Fainali nne walizopoteza sikuzikuta, lakini Januari 1999 niliiona. Gary Anderson, mpiga mateke wetu, hakuwa amekosa teke hata moja msimu mzima. Hata moja. Likaja lile la kumalizia kazi dhidi ya Atlanta, likapita kushoto. Na Januari 2016 nilikuwa uwanjani, nyuzi 6 chini ya sifuri kwa kipimo cha hapa, 21 kwa kipimo cha nyumbani, nimevaa suruali tatu. Yadi 27. Walsh, mpiga mateke wa zamu hiyo, akapeleka kushoto tena. Tulifungwa 10 kwa 9, na nilipofika kwenye gari betri ilikuwa imekufa.

Baba Kipa, Jumanne, saa 3:30 asubuhi

Shikamoo Mzee. Mimi ni Ingwe, AFC Leopards, na ligi tuliichukua mara ya mwisho 1998, msimu uleule wa Anderson. Kwa hiyo nilipofika Minnesota ugonjwa nilikuwa nao tayari, nilibadilisha hospitali tu.

Ila hoki ndiyo imeniponya. Mnacheka, lakini kaeni karibu na kioo mara moja pale St. Paul msikie zile sauti. Mwaka wa kwanza sikuwa naiona hata paki yenyewe, kile kisahani wanachokipiga, nilikuwa nashangilia wakishangilia. Sasa namkosoa kocha. Wild, timu yetu ya hoki, nao hawajawahi kuchukua Stanley Cup, kombe la ligi yao, na nyota wao Kaprizov ameumia tangu Desemba, lakini wanapigana. Kijana wangu haoni mtu isipokuwa kipa wao Fleury, na huu ndio msimu wake wa mwisho. Nilipomwambia anastaafu hakula chakula cha jioni. Nikamkumbusha kwamba Gustavsson, kipa mwenzake Fleury, amefunga goli mwenyewe Oktoba, dhidi ya St. Louis. Akaomba wali wake.

Swali langu bado lipo jamani. Kadi iliyoisha, pamoja na barua, kuingia.

Mtanga (Minneapolis), Jumanne, saa 6:10 mchana

Mkuu pole na ofisi. Naomba niulize bila ubaya: mtoto wa Kiafrika na barafu wapi na wapi? Uwanja wa soka umejaa hapo St. Paul, Loons wanacheza, mtoto angekimbia akatoka jasho. Vifaa vya kipa wa hoki nasikia bei yake unanunua bodaboda.

Nesi wa Usiku, Jumanne, saa 6:30 mchana

Mtanga, usiseme wapi na wapi mbele ya mtu wa Eldoret. Philip Boit ni wa kwetu. Alikuwa mkimbiaji, wakampeleka Finland kujifunza kuteleza kwenye theluji, na 1998 akashindana Nagano, kilomita 10.

Mtanga, Jumanne, saa 6:38 mchana

Yule si ndiye alishindwa kumaliza?

Nesi wa Usiku, Jumanne, saa 6:41 mchana

ALIMALIZA. Alikuwa wa 92, wa mwisho, dakika ishirini nyuma ya Bjørn Dæhlie, na Dæhlie alikataa kuondoka, akamsubiri pale mwisho wa mbio amkumbatie. Sherehe ya medali ikangoja. Boit akamwita mwanawe Dæhlie. Akarudi tena 2002 na 2006. Mtu asiyejua asiandike.

Na tukiwa hapo niseme la moyoni. Februari iliyopita Kombe la Dunia la skii lilikuja hapa, bustani ya Theodore Wirth. Ule msimu wa baridi ulikuwa mkavu, nyasi zinaonekana Januari, wakawa wanatengeneza theluji kwa mashine. Siku chache kabla ya mbio ikaanguka ya Mungu. Nilitoka zamu saa 1 asubuhi nikaenda moja kwa moja na sare yangu ya kazi ndani ya koti. Sijawahi kuona Wazungu wakipiga kelele vile, ni kama mbio za nyika kule kwetu. Jessie Diggins, msichana wa Afton hapa hapa, akamaliza wa tatu, akaanguka chini kama maiti. Nililia, na sijui nililia nini.

Nikarudi nyumbani nikapiga hesabu. Lynx, wanawake wetu wa mpira wa kikapu, wana makombe manne. Wanawake wa hoki wamechukua Kombe la Walter mwaka jana, ligi ikiwa na mwaka mmoja tu. Wanaume wa jimbo hili wana "karibu". Karibu washinde, karibu wafike. Sitazami tena mpira wa wanaume mpaka niletewe kikombe.

Mzee wa St. Cloud, Jumanne, saa 7:20 mchana

Binti yangu, Twins ni wanaume. 1987 na 1991.

Nesi wa Usiku, Jumanne, saa 7:22 mchana

Mzee, kwa heshima zote, 1991 mimi nilikuwa chekechea.

Dereva wa Lori, Jumanne, saa 8:00 mchana

Tumetoka mpakani tumefika chekechea.

Baba Kipa, kwa nini I-90 wakati ungejaza N-400? Ukiomba uraia barua yake nayo inaongeza kadi, miezi 24, na mwisho wa safari una pasipoti ya hapa, hubembelezi mtu. Katiba ya 2010 imeturuhusu uraia pacha. Mnangoja nini? Jumatatu ijayo anaapishwa mwenye nyumba mpya wa Ikulu, halafu tutaanza kutafutana.

Mtanga, Jumanne, saa 8:25 mchana

"Imeturuhusu" ni nyinyi Wakenya, mkuu. Sisi Watanzania ukila kiapo hapa, kule umeshakuwa mgeni. Mama yangu yuko Chumbageni, shamba la marehemu baba liko kwa jina langu. Nile kiapo niende kwetu kwa viza? Tumeimbiwa uraia pacha tangu nikiwa na nywele. Kwa hiyo mimi I-90 mpaka kaburini.

Baba Kipa, Jumanne, saa 11:00 jioni

Dereva asante, N-400 nitajaza. Lakini hainifikishi Winnipeg tarehe 24.

Na Mtanga, kuhusu barafu: Nairobi kuna kiwanja cha barafu pale Panari, Mombasa Road, na kuna timu, Ice Lions. Walikuwa wanacheza wenyewe kwa wenyewe kwa sababu hakuna wa kucheza naye. 2018 wakapelekwa Kanada, wakiwa wanafunga viatu akaingia Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wakavaa jezi, wakacheza upande wao. Kijana amenionyesha ile video si chini ya mara hamsini. Vifaa ni ghali, kweli. Pedi za miguuni nimenunua za mtumba, mengine klabu wanatuazima. Kwa nini kipa sijui. Nadhani ni kwa sababu wenzake walikuwa wanajua kuteleza yeye hajui, wakamweka golini. Sasa ni wao wanaomtafuta.

Dereva wa Lori, Jumatano 15 Januari, saa 2:10 asubuhi

Mmeona CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, imeahirishwa? Ilikuwa ianze tarehe 1 Februari, sasa Agosti. Viwanja havijawa tayari. Kasarani, Nyayo, miaka yote hiyo. Hapa theluji futi mbili ikianguka usiku, asubuhi uwanja umefagiliwa na watu wamekaa. Sisi mvua ya robo saa tunatafuta kamati.

Mtanga, Jumatano, saa 2:30 asubuhi

Kwa Mkapa tulikuwa tayari, mkuu. Usituchanganye.

Dereva wa Lori, Jumatano, saa 2:33 asubuhi

Mlikuwa tayari kama ninyi mlivyo tayari kwa uraia pacha.

Msimamizi, Jumatano, saa 4:00 asubuhi

Siasa zina uzi wake. Pia naomba msibonyeze "jibu wote" kwa ujumbe wa neno moja. Usiku wa jana nimepokea "hahaha" saba.

Wa Goma (Minneapolis), Jumatano, saa 1:50 usiku

Bandugu, jambo. Nimeona leo bamepanga makundi ya CHAN, Congo na Kenya tuko pamoja, na Maroc, Angola, Zambia. Tutaonana mu Agosti. Miye hoki siijue, lakini mutoto wangu wa kike anateleza ku ile barafu ya park, viatu tuliazima.

Nilitaka kuuliza tu kama kuko mutu ana habari ya upande wa Masisi, karibu na Goma. Pale ilikamatwa mu vita mwanzo wa mwezi, batu bengi bamekimbia. Dada yangu simu yake haipiti tangu siku ine.

Mzee wa St. Cloud, Jumatano, saa 2:05 usiku

Pole sana ndugu yangu. Nimekuandikia pembeni, kuna familia hapa St. Cloud yenye watu Sake, nitawauliza usiku huu.

Nesi wa Usiku, Jumatano, saa 2:20 usiku

Tuko pamoja nawe. Viatu vya binti usinunue, niambie namba ya mguu wake, wodini kuna mama watoto wake wamekua na viatu viko gereji.

Baba Kipa, Alhamisi 16 Januari, saa 12:15 asubuhi

Wa Goma, pole kaka. Hakuna hoki mbele ya hilo.

Wengine, nimesoma majibu yote mara mbili. Nimejua ya viza, ya uapisho, ya Boit, na ya chekechea ya Nesi. Kama kadi iliyoisha inaingia Kanada na barua, hajasema mtu.

Nesi wa Usiku, Alhamisi, saa 12:40 asubuhi

Shemeji yangu alipita na barua, Desemba, International Falls.

Dereva wa Lori, Alhamisi, saa 12:52 asubuhi

Na mimi namjua aliyegeuzwa. Inategemea dirisha na inategemea afisa. Mtoto mwenyewe hana shida, ni raia, chini ya miaka 16 cheti cha kuzaliwa kinatosha kwa barabara. Ila uwe na barua ya ruhusa ya mama yake.

Baba Kipa, Alhamisi, saa 1:10 asubuhi

Basi nimeamua. Barua tumesaini sisi wote wawili, mimi na mama yake, kwa mthibitishaji, na jina la kocha limo. Naendesha mwenyewe mpaka Pembina, pale mpakani. Afisa akinikubali, vizuri. Akinikataa, kijana na begi lake wanahamia gari la kocha, mimi nageuza. Mechi ya kwanza ni Jumamosi saa 2 asubuhi, mzazi mmoja ameahidi kunionyesha kwa simu.

Dereva, turudi kwenye I-94 yako. Barabara.

Dereva wa Lori, Alhamisi, saa 1:14 asubuhi

Toka saa 10 alfajiri, usingoje jua. Weka blanketi, koleo na maji ndani, si kwenye buti, maana buti inaganda. Grand Forks jaza mafuta hata kama tangi ni nusu. Wiki hiyo nitakuwa Fargo na mzigo. Ukigeuzwa, nipigie, tule.