Likizo ya uzazi: nianze wiki nne kabla, au nisubiri hadi nikaribie kujifungua?

Muulizaji, Chanika

Habari zenu, dada zangu. Ninatarajia mtoto wangu wa kwanza, na kwa mujibu wa kadi ya kliniki tarehe ya makisio ni mwishoni mwa Novemba. Ninafanya kazi ya uhasibu katika kampuni binafsi Posta, Dar es Salaam, kwa hiyo kila siku ninapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na jioni aghalabu ninasimama hadi Gongo la Mboto kwa kukosa kiti. Kazi yenyewe hainichoshi. Kinachonimaliza ni njia. Mama mkwe anasisitiza nipumzike mapema, lakini nikifikiria kwamba siku 84 zinahesabiwa tangu siku ninayoanza likizo, naona kila siku nitakayoitumia kabla ya kujifungua inapungua kwenye siku za kukaa na mtoto. Ninyi mliamuaje?

Mama wa wawili, Mwanza

Hongera sana, mdogo wangu. Mimi nilisubiri hadi wiki ya mwisho kwa mimba zote mbili na sikujutia, kwa sababu mtoto wa miezi miwili bado ananyonya usiku kucha, na kumwachia dada wa kazi katika umri huo ni mtihani mzito. Hata hivyo, nilikuwa ninakwenda kazini kwa miguu.

Afisa rasilimali watu

Dada, hesabu yako ni sahihi. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakuruhusu kuanza likizo wakati wowote kuanzia wiki nne kabla ya tarehe ya makisio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya yako au ya mtoto inahitaji hivyo. Ukiondoka wiki nne kabla na mtoto akaja siku ile ile, utabakiwa na siku 56. Akichelewa wiki moja, zitabaki 49. Siku 100 ni kwa anayejifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Kumbuka pia kwamba taarifa kwa mwajiri, pamoja na cheti cha daktari, inatakiwa angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya makisio, kwa hiyo kama hujaandika barua, iandike leo.

Ushauri wangu ni huu: kama hujatumia likizo yako ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28, omba itangulie, na mkubaliane kwa maandishi kwamba ukijifungua kabla haijaisha, likizo ya uzazi itaanza siku hiyo hiyo na siku zilizosalia zitabaki kuwa zako. Waajiri wengi hukubali wakiombwa mapema, kwa kuwa wanapata muda wa kupanga nani atashika kazi zako.

Mkunga, Morogoro

Naomba tusiizungumzie tarehe ya makisio kana kwamba ni ahadi. Mimba huhesabiwa kuwa imetimia kuanzia wiki 37, na wanawake wachache sana hujifungua siku iliyoandikwa kwenye kadi. Kama presha yako ni ya kawaida, damu inatosha na mtoto anacheza vizuri, kazi ya kukaa ofisini haina ubaya hadi karibu na mwisho. Kusimama kwenye daladala lililojaa ndiko kunakonitia wasiwasi, na kwa hilo ningekuomba uzungumze na bosi wako sasa ili uingie na kutoka nje ya saa za msongamano. Lakini ukiona uso au mikono imevimba, kichwa kinauma bila kutulia, au macho yanaona ukungu, usimalize hata siku hiyo ya kazi: nenda hospitali moja kwa moja, maana hizo zinaweza kuwa dalili za kifafa cha mimba, na hapo hakuna tena hesabu ya siku.

Muulizaji, Chanika

Ahsanteni sana. Barua niliipeleka mwezi uliopita, na likizo ya mwaka bado sijaigusa. Kesho nitaomba ianze mwanzoni mwa Novemba, na hadi wakati huo niruhusiwe kuondoka saa tisa alasiri.