Naomba ushauri: natengeneza tovuti, naandika habari za kutetea wananchi, mteja ananibana

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Nipo Tanga mjini, nimejiajiri. Natengeneza tovuti za nyumba za wageni na maduka, na hizo ndizo zinazonilipia kodi ya nyumba. Ila roho yangu ipo kwenye kuandika habari za kutetea wananchi. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima, Uganda, kilometa 1,443, linaishia hapa Chongoleani, kwa hiyo nakaa sana na wavuvi na waliopisha mradi. Mama mmoja alifungua pindo la khanga akanitolea karatasi ya tathmini ya fidia, tukaipitia mstari kwa mstari, mnazi mmoja mmoja. Habari kama hiyo siwezi kuiacha, nasema kweli.

Sasa mteja wangu mkubwa kanitaka nichague: nifute makala zangu, au kazi yake aipeleke kwingine.

Halafu kuna leseni. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, kuchapisha habari mtandaoni kunataka leseni ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Kwa sasa nawaandikia wengine wenye leseni, nalipwa kwa makala, na malipo yanasuasua.

Mliopita njia hii, mlizitenganishaje kazi hizi mbili? Mkataba wa tovuti niuandikeje ili mteja asiingilie ninachoandika? Na leseni, niombe peke yangu au tuungane waandishi watatu wanne? Kama kuna mwanasheria wa huku Tanga anayeyajua haya, naomba anielekeze.