Binti anataka tamthilia ya muziki ila GPA ni 2.6: BFA, BA, au aanzie komyuniti koleji?

MamaZu_Columbus

Habari za humu ndani. Binti yangu yuko darasa la kumi na moja hapa Columbus, Ohio. Anataka kusomea tamthilia ya muziki, yaani kuimba, kuigiza na kucheza kwa pamoja kama wanavyofanya Broadway. Sauti anayo, na mwalimu wake wa kwaya ndiye aliyetushikilia tusimzuie. Kikwazo ni alama. GPA yake (wastani wa alama za sekondari, juu kabisa ni 4.0) ni 2.6, na SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, amepata 940 kati ya 1600. Darasa la tisa ndilo lililomvuta chini, tulikuwa tumefika nchi hii karibuni na Kiingereza kilikuwa bado kinampiga chenga.

Mshauri wa shule kasema asihangaike na BFA, ile shahada inayojikita kwenye mafunzo ya jukwaa. Baba yake anataka asome uuguzi na kuimba aimbe kanisani. Mimi naona njia tatu: BFA ya miaka minne yenye usaili (kuimba na kuigiza mbele ya wachaguzi), BA ya kawaida yenye masomo mapana na isiyo na usaili, au aanzie komyuniti koleji, chuo cha miaka miwili cha bei nafuu, kisha ahamie. Waliopitia, nilinganishieni kwa ukweli, hata kama unauma.

---

Fundi_Kinanda

Mama Zu, huyo mshauri amezichanganya BFA zote kwenye chungu kimoja, na hapo ndipo watoto wengi wenye kipaji wanapopotezewa nafasi. Mimi napiga piano kwenye usaili wa vyuo kila msimu wa baridi, na swali la kwanza ninalowaambia wazazi waulize si "chuo kinataka GPA ngapi?" Waulize: "Nani anaamua?"

Kuna vyuo ambako lazima upite milango miwili. University of Michigan ni mfano: idara ya tamthilia inaweza kukupenda sana, lakini ofisi ya udahili ya chuo kikuu nayo ina kauli yake, na ofisi hiyo ni kali. NYU Tisch, shule ya sanaa ya New York University, wanapima masomo na sanaa kwa uzito unaolingana. Kwa 2.6, huko ni kupanda mlima kwa goti.

Northwestern ni kinyume cha wengi. Hakuna usaili wa kuingia kwenye tamthilia. Unaingia kwa masomo, halafu ukiwa ndani ndipo unawania programu ya tamthilia ya muziki. Watu husikia "hakuna usaili" wakadhani ni rahisi. Kwa binti yako hiyo ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu sauti yake haitapata pa kumtetea.

Kundi la tatu ndilo lenu: vyuo ambako mlango wa masomo una kizingiti cha wastani, na ukishakivuka, usaili ndio unaobeba uamuzi. Hapo Ohio mnavyo vya kuangalia bila kuvuka mpaka wa jimbo. Wright State kule Dayton, Kent State, na Otterbein iliyoko Westerville, karibu na nyumbani kwenu kabisa. Baldwin Wallace kule Berea na CCM, chuo cha muziki cha University of Cincinnati, nazo ni za Ohio, lakini hizo zina jina nchi nzima na ushindani wake ni mkubwa mno.

---

Zawadi_BFA

Shikamoo Mama Zu. Mimi nilimaliza BFA kwenye chuo cha serikali na GPA yangu ya sekondari ilikuwa inafanana na ya binti yako, kwa hiyo inawezekana.

SAT ya 940 asiitume pale ambapo hailazimiki. Tangu 2020 vyuo vingi vimeacha kulazimisha mtihani huo, ingawa vingine vimeanza kuurudisha, basi mwangalie kila chuo kwa mwaka wenu wa kuomba. Pili, Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, ina sehemu ya maelezo ya ziada. Aitumie kueleza darasa la tisa kwa sentensi chache zilizonyooka: tulihama, lugha ilikuwa mpya, tazama alama zangu tangu hapo. Asilie sana mle. Insha kuu aiachie jambo jingine, wamjue yeye ni nani.

Na mwaka huu na muhula wa kwanza wa darasa la kumi na mbili, alama zipande. Cheti kinachopanda kutoka C kwenda B kinasomwa tofauti na kile kinachoshuka, hata kama wastani ni uleule.

---

Baba_Imani

Nasimama na komyuniti koleji. Nina watoto watatu waliosoma Marekani na ada naijua vizuri. Columbus State iko hapo hapo, binti anaishi nyumbani, anasafisha GPA yake, na masomo ya lazima kama Kiingereza na hesabu anayamaliza kwa bei nafuu. Ohio wana utaratibu unaoitwa Ohio Transfer 36: masomo hayo ya msingi yanakubaliwa na vyuo vyote vya serikali vya jimbo. Baada ya miaka miwili ofisi ya udahili inaangalia zaidi alama za chuo kuliko za sekondari. Hiyo 2.6 inazikwa.

---

Fundi_Kinanda

Baba Imani, kwa shahada nyingine nakuunga mkono mia kwa mia. Kwa BFA kuna mtego. Mafunzo ya uigizaji, sauti na ngoma yamepangwa kama ngazi ya miaka minne, na darasa moja linapanda pamoja. Anayehamia mara nyingi huambiwa aanzie mwaka wa kwanza wa studio, yaani mafunzo ya vitendo, hata kama masomo yake ya msingi yamekubaliwa. Kwa hiyo miaka miwili ya komyuniti koleji na minne ya BFA inaweza kuwa sita. Ada inaweza kupungua akichukua masomo chini ya mzigo kamili, lakini kodi ya nyumba haipungui. Muulize mkuu wa programu moja kwa moja, kabla ya kuanza: "Aliyehamia kwenu mwaka jana aliingia mwaka wa ngapi?"

Kama mpango ni BA, njia yako ni nzuri sana.

---

Bi_Mwanajuma

Mbona BA mnaipita haraka hivyo? Mwanangu wa kike alisoma BA ya tamthilia na akaongeza masomo ya muziki. Hakupata saa za studio kama wenzake wa BFA, hilo ni kweli, na masomo ya sauti tulilipia pembeni. Lakini alipata jukwaa, na alibaki na nafasi kwenye ratiba ya kusomea kitu kingine. Leo anafundisha maigizo na bado anaitwa kwenye maonyesho.

Mama Zu, kuna mlango wengi hawaujui. Ohio State ya Columbus ni ngumu kuingia kwa alama hizo, lakini matawi yake ya mikoani, kama lile la Newark, hupokea wahitimu wa sekondari wa Ohio bila mchujo mkali. Akikusanya krediti za kutosha na kushikilia wastani wa 2.0 anahamia Columbus, na huko kuna BA ya tamthilia. Na baba yake naye atatulia, maana masomo ya sayansi anaweza kuyachukua palepale bila kuhama chuo.

---

Rehema_Philly

Kuna njia ya nne mmeisahau: shule binafsi za sanaa ambazo usaili ndio kila kitu, kama AMDA yenye kampasi New York na Los Angeles. GPA ndogo haiwi kizuizi kikubwa huko. Mafunzo ni ya kina na walimu wengi wanatoka jukwaani. Ila ada ni kubwa, kwa hiyo msiangalie barua ya kukubaliwa, angalieni karatasi ya ufadhili: kiasi gani ni zawadi na kiasi gani ni mkopo wa mzazi.

Tena angalieni afya ya chuo chenyewe. Hapa Philadelphia, University of the Arts ilitangaza mwishoni mwa Mei 2024 kwamba inafunga, na tarehe 7 Juni ikafunga. Wanafunzi walibaki wanatafuta pa kwenda ndani ya wiki. Chuo cha serikali chenye jina dogo kinaweza kuwa salama zaidi kuliko chuo cha sanaa chenye jina kubwa.

---

MamaZu_Columbus

Asanteni sana, nimesoma yote na baba yake pembeni. Hoja ya Newark imemgusa. Mimi nataka tujaribu BFA tatu za Ohio pamoja na hiyo. Fundi, nasikia kuna video ya mchujo kabla ya usaili; hiyo na usaili wenyewe vinakuwaje? Hatujawahi hata kuona.

---

Fundi_Kinanda

Video hutumwa kati ya Septemba na Desemba: nyimbo fupi mbili zinazotofautiana, kipande cha uigizaji cha dakika moja hivi, na kucheza. Simu inatosha. Ukuta mtupu nyuma, mwanga mbele ya uso, sauti ya piano isimzidi. Wakimpenda wanamwita ana kwa ana, kati ya Novemba na Machi. Vyuo vingi hukusanyika New York, Chicago na Los Angeles wakati wa Januari na Februari, lakini vya Ohio mnaweza kuvifuata kwa gari.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hapa ndipo namwona mtoto mwenye sauti nzuri akianguka. Noti zake azipange kwenye faili jeusi, kurasa mbili zikitazamana, zisizong'aa kwa taa. Mahali pa kuanzia na pa kuishia pawe na alama nene ya wino. Akinikabidhi, anionyeshe mwanzo, kisha aniimbie taratibu mstari mmoja kwa kasi anayoitaka. Asinipigie vidole kunionyesha kasi. Akifanya hivyo nampigia kama nimemjua mwaka mzima. Wapo wanaoleta karatasi zilizolegea, moja inaanguka katikati ya wimbo, na wasaili wanabaki wanamtazama mtoto anavyohangaika.

Nyimbo achague za umri wake. Msichana wa miaka kumi na saba akiimba wimbo wa mjane, hata aimbe vipi, hawamwoni yeye.

---

Zawadi_BFA

Niongeze kuhusu ngoma: kama hajawahi kusoma ballet au jazz, aanze sasa, hata darasa moja kwa wiki. Hawatarajii awe mkamilifu. Wanatazama anashikaje hatua mpya na akikosea anaendelea au anasimama.

---

Bi_Mwanajuma

Mama Zu, pesa za maombi: kwenye Common App kuna msamaha wa ada kwa familia zenye kipato kidogo, mshauri wa shule anaweza kuombwa athibitishe. Ada ya kutuma video hulipwa kando, hiyo mwandikieni chuo barua pepe mkaombe msamaha kabla ya kulipa. Na FAFSA, fomu ya serikali ya kuombea msaada wa ada, ijazeni mara inapofunguliwa, kwa kawaida tarehe 1 Oktoba, msisubiri majibu ya usaili.